Azungumze Kwanza Aliye Mdogo

Kwangwa, pembezoni mwa Musoma, ipo hospitali ya rufaa iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Ujenzi wake ulikwama kwa miongo kadhaa kabla ya wagonjwa kupokelewa. Mwana huyo wa Butiama alikuwa rais, lakini watu walizidi kumwita kwa kazi yake ya awali. Daktari anayefanya kazi chini ya jina hilo ana deni la kufundisha.

Deni lenyewe ni la kale. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, al-Razi, tabibu mkuu wa Baghdad, aliketi na wanafunzi wake safu kwa safu. Mgonjwa alieleza shida yake kwa safu ya nje. Wakishindwa, swali lilisogea ndani, na yeye alizungumza mwisho. Karne ya 18, Herman Boerhaave aliufanya mji wa Leiden kuwa maarufu kwa kufundishia kwenye vitanda 12 tu. Mwishoni mwa karne ya 19, William Osler aliwatoa wanafunzi wa Baltimore kwenye kumbi za mihadhara, akawaingiza wodini.

Afrika Mashariki, Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, akawafundisha wasaidizi wake papo hapo kazini. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo takriban 12. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam. Bugando, jijini Mwanza, chuo kilifuata mwaka 2003. Katikati, mwaka 1967, Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka masomo na kazi viende pamoja. Wodi ni darasa la namna hiyo hasa.

Lakini foleni ni ndefu, Musoma, Bunda na Butiama. Asubuhi moja daktari ana raundi, kliniki na upasuaji wa dharura. Atafundisha saa ngapi? Mwaka 1992, Jon Neher na wenzake nchini Marekani walionyesha hatua tano za kufundishia zinazoingia ndani ya dakika chache.

Tuseme daktari mtarajali anamletea daktari bingwa taarifa ya mtoto wa miaka miwili mwenye homa na kikohozi.

“Wewe unaona ni nini?”

“Nimonia, daktari.”

“Umejuaje?”

“Nimehesabu pumzi 52 kwa dakika.”

Hapo bingwa anatoa kanuni moja tu: kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni za haraka. Anamsifu kwa kuhesabu dakika nzima. Kisha anamsahihisha: hukutazama kama kifua kinabonyea anapovuta pumzi, twende tukatazame pamoja.

Raundi inaendelea. Mtoto amepimwa vizuri zaidi, na mtarajali hatasahau kutazama kifua. Kilichohitajika ni mkubwa kujizuia kidogo asitoe jibu, kama alivyofanya al-Razi. Usiku bingwa akiwa chumba cha upasuaji, mtarajali huyo ndiye atakayempokea mtoto mwingine.