Buibui mfugwa asipoonekana si lazima awe amekufa

Malalamiko ya wanaofuga buibui wakubwa wenye manyoya, maarufu kama tarantula, hufanana: mtu ametoa pesa zake, naye anajikuta akitazama kopo la udongo. Wiki zinapita bila hata mguu mmoja kuonekana. Hatimaye uvumilivu humwisha, akachukua kijiko na kufukua. Buibui wengi hufa hapo.

Mfano mwafaka ni Pelinobius muticus, buibui wa Kenya na Tanzania aliyeelezwa kisayansi mwaka wa 1885. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita mfalme kwa ukubwa wake, rangi yake ya kutu na miguu yake minene ya nyuma. Akichokozwa hutoa sauti ya kukwaruza, na anapouma huuma kwelikweli.

Akiwa mchanga, huyu huishi chini takriban muda wote. Mwili wake ni laini, na porini kila kipitacho ni adui. Isitoshe, hujivua gamba mara kwa mara ili akue, na kabla ya kufanya hivyo huziba mlango wa shimo na kususia chakula. Anayemfukua wakati huo humkuta hana hata nguvu ya kusimama.

Jike akikomaa huanza kuketi mlangoni usiku, akisubiri mawindo. Huishi miaka mingi, lakini hata yeye anaweza kufunga kula kwa miezi. Dume ni kinyume: akishabaleghe huliacha shimo na kurandaranda kutafuta jike, naye hana muda mrefu wa kuishi. Kwa hivyo dume anayeonekana kila siku huenda yuko katika siku zake za mwisho.

Makao nayo yana usemi. Mfalme huyu akipewa udongo wa kina cha sentimita 30 uliokandamizwa vyema, atachimba na kutulia. Akiwekewa sentimita tano, ataonekana sana, amejikunyata pembeni huku akitisha kila kinachosogea. Huko si kuzoea watu. Amekosa pa kujificha. Vile vile, buibui anayelihama shimo lake ghafla huenda anakimbia unyevu uliozidi.

Jamaa yake, Pterinochilus murinus, ambaye pia hupatikana Afrika Mashariki, ana tabia tofauti kidogo. Kwenye udongo mwingi atachimba, lakini penye udongo haba na vijiti hufuma utando mzito juu ya ardhi, na mwenyewe akaonekana bila kudhurika.

Mwenye shaka na achunguze mlango wa shimo asubuhi. Utando mpya, udongo uliosogezwa au mabaki ya mende ni ushahidi tosha kwamba mwenyeji yu hai. Maji yawekwe, kijiko kirudi jikoni.

Ikumbukwe pia kwamba nchini Kenya, kumchimbua buibui huyu porini na kumsafirisha bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni hatia.