Chipu hujulikana kwa mguu wake

Fundi simu wa Bariadi, mkoani Simiyu, akiletewa simu iliyokufa, haulizi ndani ya chipu kuna nini. Mchoro wa ndani hana, na kiwanda hakiwezi kumpa. Anageuza multimeta kwenye alama ya diodi, waya mwekundu anaugandamiza kwenye graundi ya bodi, mweusi anaugusisha mguu mmoja baada ya mwingine. Kioo kikionyesha 0.4 au 0.5, anasogea mbele. Kikionyesha sifuri kwenye mguu usio wa graundi, hapo pana shoti. Akiwa na shaka, anatafuta bodi nzima ya simu ya aina ileile, analinganisha namba.

Wahandisi wanaosanifu bodi hizo walifikia njia hiyohiyo kwa mzunguko mrefu.

Mwanzo walikuwa na SPICE, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta. Aliiandika Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Donald Pederson, ikatangazwa Waterloo, Kanada, Aprili 1973.

SPICE hutaka kuelezwa kila transista. Kwa saketi ndogo hilo si tatizo. Lakini kila mguu wa chipu unaotoa ishara una nyuma yake saketi ya kuisukuma nje: upande mmoja huvuta waya juu kuelekea volti za chanzo, mwingine huushusha kuelekea graundi. Chipu moja huweza kuwa na mamia ya miguu ya namna hiyo. Kuiga yote, transista kwa transista, kulichosha kompyuta za enzi hizo. Kubwa zaidi, maelezo ya transista ni siri ya kiwanda. Nani angempa mteja, ambaye kesho atampa mshindani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Intel ilihitaji watengenezaji wa bodi waelewe miguu ya chipu za PCI, njia ya pamoja ya ishara ndani ya kompyuta. Ikaanza kugawa majedwali ya volti na mkondo wa umeme badala ya siri. Kampuni nyingine zikajiunga, na mwaka 1993 likatoka toleo la kwanza la mfumo wa majedwali hayo, uitwao IBIS. Mwaka 1995 IBIS ikawa kiwango rasmi Marekani. Mnunuzi mnadani hampasui maksai ili ajue nguvu zake. Humfunga plau, akamtazama. IBIS ni hivyo tu.

Faili lake ni maandishi ya kawaida. Kuna jedwali la kuvuta juu, la kushusha, na la kasi ya ishara kupanda na kushuka. Chipu ya volti 3.3 hupimwa kuanzia -3.3 hadi 6.6, kwa sababu ishara ikirudi kwa mwangwi kwenye waya inaweza kuvuka mipaka ya kawaida. Hapo ndipo diodi za kinga hufanya kazi, nazo zina majedwali yao. Diodi ya upande wa graundi ndiyo ambayo mara nyingi fundi wetu anaisoma: multimeta hupitisha mkondo mdogo, kama miliampea 1, na kioo kinampa nukta moja ya grafu ya jedwali lilelile lililomo kwenye faili la mhandisi.

Kuchora grafu nzima si ndoto ya mbali. Mwaka 1998 Profesa Jesús del Alamo wa MIT aliweka kwenye intaneti maabara ya kupima transista ukiwa popote, na baadaye mradi wa iLab ukaviunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Obafemi Awolowo cha Nigeria.

Mafaili ya IBIS ya chipu nyingi hupatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji, na kuyasoma hakuhitaji programu ya gharama. Walimu wa elektroniki wa Bariadi, Maswa na Meatu, pakueni moja, mlifungue mbele ya wanafunzi, na mumwalike fundi simu wa sokoni aje na multimeta yake.