Fahamu Jinsi Umri wa Samaki Unavyokadiriwa kwa Kupima Urefu

Katika Soko la Samaki la Feri, jijini Dar es Salaam, mnunuzi humpima samaki kwa macho na kukubaliana bei kwa ukubwa wake. Kwa mtaalamu wa uvuvi, ukubwa huo hudokeza pia umri, na umri ndio unaoonesha iwapo samaki alipata nafasi ya kuzaliana kabla ya kuvuliwa.

Namna ya kukadiria

Umri wa samaki huweza kusomwa katika vijiwe vya sikioni, ambavyo hujijenga kwa miviringo kadiri anavyokua. Hata hivyo, katika maji ya ukanda wa joto, ambako majira hayatofautiani sana, miviringo ya mwaka mara nyingi haionekani bayana. Kwa sababu hiyo, watafiti hupima urefu wa samaki wengi mwezi hadi mwezi, wakifuatilia jinsi samaki wa rika moja wanavyoongezeka urefu, kisha huchora mstari wa ukuaji unaolingana na vipimo hivyo.

Kanuni inayotumika zaidi ni ile iliyochapishwa na mwanabiolojia Ludwig von Bertalanffy mwaka 1938. Kwa mujibu wake, samaki hurefuka haraka akiwa mchanga, kisha kasi hupungua kadiri anavyokaribia urefu wa mwisho.

Kwa mfano, tuchukue samaki ambaye urefu wake wa mwisho ni sentimita 100 na kiwango chake cha ukuaji ni 0.2 kwa mwaka. Atafikisha sentimita 50 katika umri wa takribani miaka 3.5. Kutoka sentimita 90 hadi 95 atahitaji tena takribani miaka 3.5. Hivyo, rula hukadiria vyema umri wa samaki mdogo, lakini kwa samaki mkubwa, kosa dogo la kipimo huweza kupotosha makadirio kwa miaka kadhaa.

Umuhimu kwa mwananchi

Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 zimeweka urefu wa chini wa sangara kuwa sentimita 50 na wa sato sentimita 25. Vipimo hivyo vinalinda muda ambao samaki anauhitaji ili akue na kuzaliana. Mnunuzi anayekataa samaki mchanga sokoni huondoa faida ya kutumia nyavu zenye matundu madogo.