Sisi Tuliochorwa Ukutani Caprarola

Caprarola ni mji mdogo kaskazini mwa Roma. Barabara yake kuu hupanda kilima moja kwa moja, na juu yake limesimama jumba la ukoo wa Farnese, lenye pembe tano kama ngome. Na kweli lilianza kama ngome. Aliyeanza kuijenga ni Alessandro Farnese kabla hajachaguliwa kuwa Papa Paulo wa Tatu mwaka 1534. Mwaka huohuo alimfanya mjukuu wake, naye akiitwa Alessandro, kuwa kardinali akiwa na miaka 14. (Ndiyo, mjukuu wake. Mambo ya namna hiyo yaliwachukiza mno watu wa Matengenezo ya Kanisa.) Mjukuu huyo alipokua alimwita fundi Vignola, na tangu 1559 ngome ikageuzwa kuwa makao ya fahari.

Ndani, karibu kila ukuta na dari vina picha. Zimechorwa juu ya lipu ingali mbichi, ili rangi inywewe na ukuta. Ndiyo maana zimedumu miaka zaidi ya 450. Tulipanda ngazi za kuzunguka zenye nguzo mbilimbili, tukafika katika ukumbi wa matendo ya Farnese, kazi ya Taddeo Zuccari ya miaka ya 1560. Hapo tukajiona sisi wenyewe.

Si kwa sura, bali kwa jina. Picha mojawapo inahusu vita vya mwaka 1546 dhidi ya Walutheri. Kardinali Alessandro na ndugu yake Ottavio wamo pamoja na Kaisari Charles wa Tano. Papa alikuwa ameahidi askari wa miguu 12,000. Luther alikuwa amekwisha kufariki Februari ya mwaka huo. Aprili 1547, huko Mühlberg, Kaisari aliwashinda wakuu wa upande wetu, akaingia hata Wittenberg, lakini kaburi la Luther halikuguswa. Miaka minane baadaye, katika amani ya Augsburg, Kaisari na wakuu walikubaliana kwamba imani ya Kilutheri ibaki katika nchi za wakuu walioifuata. Kwa hiyo mchoraji aliposhika brashi, vita vile vilikuwa vimekwisha kushindwa kusudi lake. Ukuta unaonyesha mwanzo tu wa safari.

Je, tukasirike? Tukumbuke kwanza kwamba sisi nasi tulikuwa na picha zetu. Mwaka 1545 Luther alitoa kitabu kikali sana juu ya upapa, na mwaka huohuo karakana ya Cranach ikachapisha picha za kumkejeli Papa ambazo hatungethubutu kuzibandika katika ukumbi wa usharika. Zile zilikuwa za karatasi, hizi ni za lipu. Tofauti ni fedha zaidi kuliko upole. Chumba cha jirani kina jina la Mtaguso wa Trento, uliofunguliwa Desemba 1545 na kulipinga fundisho letu la kuhesabiwa haki. Mwaka 1999, Oktoba 31, wawakilishi wa Walutheri na wa Roma walitia saini huko Augsburg tamko la pamoja juu ya fundisho hilohilo.

Kuna pia chumba cha ramani ya dunia, ya mwaka 1574 hivi, na Afrika imo, kwa kuwa Wareno walikwisha kuizunguka tangu 1498. Katika nyumba ya watu waliotuhesabu kuwa maadui, bara letu lilikuwa limechorwa karne tatu kabla ya wamishenari wa Kilutheri kufika Tanganyika.

Nyuma ya jumba ni bustani, kisha msitu, na juu zaidi nyumba ndogo ya mapumziko. Kutoka hapo maji hushuka kwa mfereji wa mawe wenye kingo zilizochongwa kama pomboo. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko ukumbini. Kardinali alifariki 1589, na ukoo wake wa kiume ulikwisha 1731. Leo jumba ni mali ya Serikali ya Italia, na Mlutheri huingia kwa tiketi kama mtu mwingine yeyote.