Ukaushaji wa kuni mbichi

Ukaushaji wa kuni ni kazi ya kupunguza maji yaliyomo katika mti uliokatwa hadi ufae kuwashwa. Katika mti mbichi maji yanaweza kufikia nusu ya uzito wote. Katika kuni zinazofaa jiko la ndani maji hayazidi asilimia 20. Kuni mbichi hupoteza sehemu ya joto kwa kuchemsha maji yake yenyewe, hufuka moshi, na huacha dohani ikiwa na masizi yenye lami ambayo huweza kushika moto.

Nchini Norwei, ambako kuni za mti wa betula hupendwa sana, miti hukatwa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla utomvu haujapanda. Kupasua ndiko kunakoharakisha mambo, na kwa betula hakukwepeki: gome lake halipitishi maji, hivyo gogo zima huoza kabla ya kukauka. Vipande hupangwa juu ya vigogo ili visiguse ardhi, juu pakafunikwa na ubavuni pakaachwa wazi, maana kazi kubwa hufanywa na upepo. Kiangazi kimoja mara nyingi hutosha. Mwaloni hudai viwili au zaidi. Kuni iliyokauka huwa nyepesi, yenye nyufa kwenye ncha, na ikigongwa na nyingine hutoa mlio mkali.