Mlango wa Mzee Wakati wa Maradhi

Maradhi makubwa hayana miguu. Hubebwa na watu, nayo hufuata njia zile zile wanazopita watu. Sisi wa Mokambo twalijua jambo hili, maana tunakaa mpakani. Ng'ambo yetu ni Mufulira, mji wa shaba wa Zambia, na kutoka hapa barabara yaelekea Luapula. Basi anayetaka kumlinda mzee nyumbani, kwanza aitazame njia.

Reli ya kutoka kusini ilivuka mpaka huko Sakania, ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ilijengwa ili ichukue shaba. Miaka 8 baadaye ilileta homa. Mwezi wa Septemba 1918 meli zilizowarudisha watu wa jeshi zilifika Cape Town pamoja na mafua makali, yaliyoitwa homa ya Kihispania. Katika Afrika Kusini peke yake walikufa watu wapatao 300,000. Homa ikapanda gari la moshi, ikapita Kimberley na Bulawayo, ikaingia Katanga kabla mwaka haujaisha. Dawa yake haikuwako. Hata kirusi cha mafua ya watu hakikutambuliwa mpaka mwaka 1933.

Ajabu ya homa ile ni kwamba iliwaua sana watu wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40. Kambi za migodi zilijaa watu wa umri huo, nao walilala wengi katika nyumba moja. Mmoja akikohoa, wote walivuta pumzi yake. Katika nchi nyingi nyumba zilibaki na wazee na watoto tu. Bibi aliyezoea kulishwa akashika tena jembe ili alishe yatima.

Miaka 102 ilipopita, mambo yaligeuka. Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alijulikana Kinshasa. Tarehe 18 Rais Tshisekedi alisimamisha masomo, mikusanyiko na ibada. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura, na mipaka ikafungwa kwa wasafiri. Lubumbashi nayo ilifungwa kwa saa 48 mwezi huo huo. Lakini malori ya mizigo yaliachwa yapite, kwani watu lazima wale.

Ugonjwa huu wa pili uliwatafuta wazee. Kijana aliweza kuubeba pasipo kukohoa hata mara moja, akala, akacheka, akaenda kumsalimu nkambo wake. Na nkambo ndiye aliyelala asiamke tena.

Je, ilifaa mzee afungiwe? Huko Ulaya, Machi na Aprili 2020, wazee wengi waliokaa katika nyumba za kutunzia wazee walikufa pasipo kumwona mtoto wao hata mmoja. Kwetu mzee hukaa na jamaa, mara nyingi chumba kimoja na wajukuu. Kumtenga kabisa ni vigumu, wala si haki. Mzee aliyeachwa peke yake aweza kufa kwa njaa na upweke kabla homa haijamfikia.

Lakini desturi zetu zenyewe zina ulinzi. Insaka haina kuta. Upepo hupita, na pumzi ya mgonjwa haikai. Mzee azungumze na wageni pale, si chumbani. Wahenga walimsalimu mkubwa kwa kupiga magoti na makofi, pasipo kumshika mkono. Salamu hiyo yatosha, na heshima haipungui. Bukari la mzee liwekwe katika sahani yake peke yake. Mtu mmoja wa nyumba, asiyetembea sana, ndiye amhudumie. Anayetoka sokoni, mgodini au mpakani anawe mikono kwa sabuni na kufunika mdomo na pua kabla ya kumkaribia. Na mzee akianza kuhema kwa shida, apelekwe kwa waganga wa hospitali siku ile ile.

Tena kuna hatari ya maneno. Mwezi wa Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo. Uvumi ulitangulia sindano, watu wakaogopa, na dozi milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika bure. Wazee wengi hupata habari kwa wajukuu wenye simu. Kwa hiyo mjukuu asimpelekee mzee kila neno alilolisikia. Kwanza aulize kwa muuguzi.

Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Lakini reli ingalipo, na malori yangali yakipita mpakani. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Siku maradhi mengine yatakapokuja, kazi ya kumlinda mzee itakuwa ya sisi tunaotoka asubuhi na kurudi jioni. Yatupasa tusimame kidogo mlangoni, tunawe, ndipo tumwite kwa sauti ajue kwamba tumefika.