Dawa Nne Ndani ya Kidonge Kimoja

Mapema mwaka 1948, katika hospitali ya Hairmyres karibu na Glasgow, Uskoti, mwandishi George Orwell alianza kuchomwa sindano za streptomaisini. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa riwaya ya Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamwingia sana, na dawa hiyo mpya ilikuwa adimu Uingereza hata ikabidi rafiki zake waiagize kutoka Marekani. Mwanzoni ilionekana kumsaidia. Kisha mwili ukaikataa: ngozi ikababuka, mdomo na koo vikajaa vidonda, nywele na kucha zikaanza kutoka. Madaktari wakasimamisha matibabu. Januari 1950 akafariki, na umri wake ni miaka 46 tu.

Pale Hairmyres Orwell alichomwa dawa hiyo moja peke yake. Leo mgonjwa wa kifua kikuu anayeingia zahanati ya Temeke au Kisumu hupewa dawa nne kwa pamoja tangu siku ya kwanza, zimeshindiliwa ndani ya kidonge kimoja. Kati ya Hairmyres na kidonge hicho kuna safari ya zaidi ya miaka 50, na sehemu yake muhimu ilipita Afrika Mashariki.

Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 na kijana Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Ilitokana na kiumbe kidogo cha udongoni, na ndiyo iliyokuwa antibiotiki ya kwanza kukiweza kifua kikuu. Mwaka 1947 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likaanza kuipima kwa uangalifu wa aina yake. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na kulazwa, na wengine 52 wakalazwa tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Matumaini yakapanda.

Hayakudumu. Wagonjwa waliofuatiliwa miaka mitano waliendelea kufa hata tofauti ya makundi hayo mawili ikakaribia kwisha: 32 kati ya 55 waliopewa dawa, 35 kati ya 52 ambao hawakupewa. Makohozi yao yalipochunguzwa maabara, bakteria wa wengi waliopewa dawa walikuwa hawatikisiki tena kwa streptomaisini. Walikuwa wamepata usugu ndani ya miezi michache.

Hesabu yake ni rahisi, na kila anayenywa dawa hizi anastahili kuelezwa. Tundu moja katika pafu lililoliwa linaweza kuwa na bakteria milioni 100. Katika kila milioni, mmoja hivi huzaliwa akiwa sugu kwa dawa fulani kwa bahati tu, bila kuwahi kuiona. Dawa moja itaua wote isipokuwa hao mia, nao watazaana mpaka wajaze pafu upya. Lakini bakteria aliye sugu kwa dawa mbili kwa mpigo hupatikana mmoja katika trilioni, na pafu la binadamu halibebi idadi hiyo. Ndiyo maana mwaka 1950, streptomaisini ilipounganishwa na PAS, dawa aliyoibuni Jörgen Lehmann wa Sweden, usugu ulipungua sana. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, ya bei nafuu na yenye nguvu ajabu. Kule Edinburgh, daktari John Crofton na wenzake wakaunganisha zote tatu na kuthibitisha kwamba ugonjwa huu unaweza kuponywa kabisa.

Ulaya ikapumua. Afrika Mashariki ikabaki na swali lake.

PAS ilikuwa mzigo. Mgonjwa alitakiwa kumeza gramu 10 au zaidi kwa siku, ilichafua tumbo, iliharibika kwenye joto, na ilikuwa ghali kwa hazina za makoloni. Mgonjwa aliyepewa PAS na isoniazidi akaenda nazo nyumbani alifanya ambalo mtu yeyote angelifanya: alimeza kile kidonge kidogo cha isoniazidi na kuacha yale yanayomtapisha. Hapo akawa amerudi kwenye dawa moja pasipo kujua, na usugu ukafuata. Hospitali kama Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Mlima Kilimanjaro, haikuweza kumlaza kila mgonjwa mwaka mzima ili kumsimamia.

Madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika, wakishirikiana na Baraza lile la Uingereza, wakatafuta mwenzi wa isoniazidi aliye mdogo, nafuu na mvumilivu wa joto. Wakaichukua thiasetazoni, dawa iliyotokana na kazi ya Mjerumani Gerhard Domagk na ambayo nchi tajiri zilikuwa zimeshaiweka kando. Matokeo ya kwanza ya uchunguzi wao yalichapishwa mwaka 1960. Mchanganyiko uliokuja kukubalika ulikuwa miligramu 300 za isoniazidi na miligramu 150 za thiasetazoni, kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Kilikuwa cha bei ndogo, na kilikuwa na sifa moja kubwa kuliko nyingine zote: mgonjwa hakuweza kuchagua. Ukimeza moja, umemeza zote mbili. Kwa miaka kama 30, kidonge hiki kikawa nguzo ya tiba ya kifua kikuu katika nchi nyingi maskini.

Tatizo lililobaki ni muda. Mwaka mzima, au mwaka na nusu, ni mrefu mno kwa mkulima anayejisikia amepona mwezi wa pili. Kikohozi kimekatika, uzito umerudi, shamba linamsubiri, na kituo cha dawa kiko mwendo wa nusu siku. Kuwaita wagonjwa hawa wakaidi, kama ilivyozoeleka kwa miaka mingi, kulikuwa kuwaonea.

Mwaka 1970 ukaanza Afrika Mashariki utafiti uliobadilisha tiba ya ugonjwa huu duniani kote. Watafiti Wallace Fox na Denny Mitchison wa London, pamoja na madaktari wa hapa, waliwapa wagonjwa matibabu ya miezi sita tu. Makundi yote yalipata streptomaisini na isoniazidi. Moja likaongezewa rifampisini, dawa mpya iliyotokana na udongo wa pwani ya kusini mwa Ufaransa, jingine pirazinamidi, jingine thiasetazoni, na la nne halikuongezewa kitu. Baada ya matibabu kwisha wakasubiri waone ugonjwa utamrudia nani. Ulirudi kwa takriban asilimia 3 ya waliopata rifampisini, asilimia 8 ya waliopata pirazinamidi, asilimia 22 ya kundi la thiasetazoni na asilimia 29 ya wale ambao hawakuongezewa. Tiba ya miezi sita iliyoenea ulimwenguni ina mizizi yake hapo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1980, ulichapishwa uchunguzi uliofanyika Nairobi ambamo mtafiti Amina Jindani na wenzake walihesabu bakteria katika makohozi siku baada ya siku, wakaonyesha kwamba isoniazidi ndiyo inayoua wengi katika siku mbili za mwanzo. Kila dawa katika mchanganyiko ina zamu yake: nyingine hupiga haraka mwanzoni, nyingine hufagia wale waliojificha mwishoni.

Wagonjwa waliojitolea katika tafiti hizo majina yao hayamo vitabuni. Wanaidai dunia shukrani.

Rifampisini ilikuwa ghali, na hofu ya kuichezea ilikuwa kubwa zaidi, maana bakteria wakipata usugu dhidi yake hakukuwa na nyingine ya kushika nafasi yake. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania ulianza mwaka 1977 kwa ushauri wa Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Chekoslovakia na aliyeugua kifua kikuu mwenyewe baada ya kufungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Kila wilaya ikawa na mratibu wake. Makohozi yakapimwa kwa hadubini, kila mgonjwa akaandikwa kwenye rejista, na mwisho wa matibabu ikaulizwa: amepona, amekufa au amepotea? Tiba fupi ya miezi minane ilipoanza kutumika miaka ya 1980, wagonjwa wenye bakteria kwenye makohozi walilazwa miezi miwili ya mwanzo ili kila kidonge cha rifampisini kimezwe mbele ya muuguzi. Mfumo huu wa Tanzania ndio Shirika la Afya Duniani (WHO) liliouchukua katikati ya miaka ya 1990 na kuupeleka duniani kwa jina la DOTS.

Kisha ukaja UKIMWI, na thiasetazoni ikageuka hatari. Utafiti wa Nairobi uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kwamba wagonjwa wapatao asilimia 20 wenye VVU walipata madhara ya ngozi kutokana na dawa hiyo, ikilinganishwa na asilimia 1 hivi ya wasio na virusi. Baadhi yao ngozi ilichubuka mwili mzima, wakafa. Kidonge kilichookoa watu kwa miaka 30 kikaondolewa, na dawa nyingine, ethambutoli, ikachukua nafasi ya thiasetazoni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ungefanywa mapema zaidi kama madhara ya dawa yangekuwa yakirekodiwa kwa bidii ileile iliyotumika kuhesabu waliopona.

Mchanganyiko wa dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, uliingia katika orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 1999 kama kidonge kimoja. Humezwa miezi miwili, kisha dawa mbili za kwanza huendelea miezi minne. Idadi ya vidonge hufuata uzito: mwenye kilo 40 hadi 54 humeza vitatu kwa siku, mwenye 55 hadi 70 vinne. Kwa hiyo vidonge vya jirani si vyako, hata kama mnaugua ugonjwa mmoja. Watoto walisubiri zaidi, wakivunjiwa vidonge vya wakubwa kwa kukadiria, hadi mwaka 2016 Kenya ilipokuwa nchi ya kwanza kueneza kwa taifa zima vidonge vyao vinavyoyeyuka kwenye maji na vyenye ladha ya matunda.

Mambo mengine wagonjwa wenyewe ndio waliowafundisha wahudumu kuyasema mapema. Mkojo, jasho na machozi hugeuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, na hakuna ubaya. Wapo walioacha dawa wakidhani wanakojoa damu. Ganzi ya miguu kutokana na isoniazidi hutibiwa kwa vitamini B6. Macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo au kuanza kuona ukungu ni sababu ya kurudi kituoni siku hiyohiyo. Rifampisini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU, hivyo mhudumu aambiwe kila kitu mgonjwa anachotumia, dawa za mitishamba zikiwemo.

Kibong'oto bado ipo, na tangu mwaka 2009 hutibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, ambao kwa miaka mingi walilazimika kutumia dawa nyingi zaidi na zenye madhara makali zaidi. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asisubiri: aende akapime makohozi. Katika vituo vya serikali vya Tanzania na Kenya dawa hizi hutolewa bure, na aliyezianza azimalize zote, miezi yote sita, hata kama kifua kimetulia mwezi wa pili.